Mto hausafishwi mtoni

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma, asanteni kwa kuja.

Nimekuja na chupa tatu. Nimezijaza alfajiri ya leo, kwenye kijito kimoja, ndani ya saa moja. Naomba zipite mikononi mwenu kuanzia mstari wa mbele, na tafadhali ile ya tatu mtu asiifungue.

Ya kwanza nimeichota juu kabisa, pale kijito kinapotoka kwenye miti. Msitarajie ing'ae. Ina rangi ya majani makavu yaliyolowa, na chini zimetua chembe za mchanga. Hayo ni maji ya mto mzima, wenye afya. Ya pili nimeichota kwenye daraja la kwanza, na ukiitazama tu utaapa kwamba ni safi kuliko ya kwanza. Itikise kidogo, uone povu linavyong'ang'ania. Ya tatu ni ya daraja la pili, nayo inajieleza yenyewe. Kutoka ilipojazwa ya kwanza hadi ilipojazwa ya tatu ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu.

Mwendo huo nimeupita kwa miaka mingi nikichukua sampuli, na ni mara chache sana nimemkuta mtu akimwaga pipa la uchafu mtoni. Uchafu mwingi hauji na watu. Unakuja kwa bomba, kwa mtaro na kwa mvua. Ndiyo sababu leo nina neno moja tu, na nitalirudia mpaka mnichoke: mto hausafishwi mtoni. Husafishwa chooni, jikoni, gereji, kiwandani, kwenye chemba za barabarani, na kwenye ile meza inayopigia mihuri ramani za ujenzi.

Nasema hivi kwa sababu mji mkubwa ukishtuka kwamba mto wake umekufa, jambo la kwanza unalofanya ni kwenda ukingoni. Tunavaa glavu, tunaokota plastiki, tunapanda miti, tunapiga picha, tunarudi nyumbani tumechoka na tumefurahi. Mimi mwenyewe nimeokota na nitaendelea kuokota, kwa kuwa plastiki huziba mitaro na mitaro ikiziba watu hufurikiwa. Lakini kinachoua mto hasa hakiokoteki. Kimeyeyuka.

Niwaeleze unavyokufa, maana wengi hudhani mto hufa kwa sumu. Mara nyingi hufa kwa kukosa pumzi. Samaki anavuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji hayana nyingi. Maji safi yenye joto la nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, na yakipashwa hadi nyuzi 30 hubaki kama 7 na nusu. Sasa mwaga humo majitaka ya choo, au mabaki ya machinjio, au maji ya kiwanda cha pombe. Hivyo vyote ni chakula. Bakteria wanakishangilia, wanazaliana kwa mamilioni, na wakila wanavuta pumzi kama sisi. Oksijeni inashuka hadi 5, na samaki wengi wanaanza kuhangaika. Ikishuka chini ya 2, karibu wote wanaelea.

Na hapa kuna jambo ambalo limewasumbua watu wengi. Oksijeni haishuki sana pale pale bomba linapomwaga. Bakteria wanahitaji muda wa kula, na muda huo mto uko njiani, unatembea. Kwa hiyo samaki hufa mbele, pengine kilomita kadhaa kutoka kwenye bomba, na wanaoishi huko wanamlaumu jirani aliye karibu, ambaye huenda hana kosa lolote. Nimeshuhudia ugomvi wa namna hiyo ukifika kwa wazee wa mtaa, na mwenye bomba hakuwepo hata kwenye kikao.

Huhitaji maabara ili uanze kujua. Ingia mahali maji ni ya magotini, shika jiwe, ligeuze. Kwenye mto mzima, upande wa chini wa jiwe kuna wadudu wadogo bapa wenye mikia mirefu myembamba, wanakimbia kukwepa mwanga. Hao wanataka oksijeni nyingi, ukiwaona jua maji yanapumua. Chini ya daraja la pili, jiwe linatoka limevaa kitu kama sufi ya kijivu, kinateleza na kinanuka. Hiyo sufi ni makoloni ya bakteria wanaokula majitaka. Wadudu wa mikia hawapo. Wapo mabuu mekundu kama damu, na wekundu wao kweli ni wa aina ya damu yetu, himoglobini, wanayoitumia kunasa oksijeni kidogo iliyobaki. Afrika Kusini wametengeneza njia ya kupima mto kwa viumbe hawa, inaitwa miniSASS. Ina makundi 13 ya wadudu na viumbe vidogo, kila kundi lina alama yake, na mtoto wa shule akifundishwa asubuhi moja anaweza kuupa mto alama za haki. Naipenda njia hiyo kwa sababu mdudu hadanganyi. Chupa yangu inasema hali ya maji saa ile niliyochota. Mdudu anasema maisha yalivyokuwa wiki na wiki.

Sasa turudi kwenye neno langu. Miji mikubwa imejifunza neno hili kwa gharama kubwa, na karibu yote ilianza kwa kukosea namna moja: kuusukuma uchafu mbali na macho yake na kusema umesafishwa.

London, kiangazi cha mwaka 1858, mto Thames ulinuka hadi mapazia ya bunge yakalowekwa dawa ya klorini ili wabunge waweze kukaa. Kipindupindu kilikuwa kimeshaua maelfu kwa maelfu katika miaka iliyotangulia. Wabunge waliokuwa wakivutana kwa miaka juu ya fedha wakazipitisha haraka, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mabomba makuu yaliyokinga majitaka kabla hayajafika mtoni. Ilikuwa kazi kubwa na iliokoa roho nyingi, simwondolei sifa. Lakini mabomba yale yaliyapeleka majitaka mashariki mwa mji na kuyamwaga huko, mabichi, katika mto ule ule. Mwaka 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongwa ikazama karibu na midomo ya mabomba hayo, muda mfupi baada ya majitaka kufunguliwa. Walikufa watu zaidi ya 600. Na mto wenyewe uliendelea kudhoofika hata mwaka 1957 wataalamu wa makumbusho ya viumbe ya London wakasema sehemu yake kubwa imekufa, haina samaki.

Kilichoufufua ni nini? Mitambo ya kusafisha majitaka iliyojengwa upya na kupanuliwa, pale pale mwisho wa bomba. Hakuna aliyeutia mto dawa. Waliacha kuunyonga, ukavuta pumzi wenyewe, na mwaka 1974 samaki aina ya salmoni akaonekana tena Thames baada ya zaidi ya karne moja.

Chicago nayo ilifanya kubwa zaidi. Mwaka 1900 waligeuza mto. Ulikuwa unaingia ziwani, na ziwa ndilo walilokuwa wakinywa, basi wakachimba mfereji, mto ukaenda upande wa pili na majitaka yao yakateremka kuelekea mto Mississippi. Walio chini hawakukubali. Jimbo la Missouri lilifungua kesi, likashindwa katika mahakama ya juu kabisa ya Marekani mwaka 1906, kwa kukosa ushahidi wa kutosha kwamba madhara yalitoka Chicago. Mnakumbuka nilivyosema kuhusu samaki wanaofia mbele na mwenye bomba asiyekuwepo kikaoni? Ndiyo kesi hiyo hiyo, ila ya ukubwa wa majimbo.

Kisha kuna mvua, ambayo ndiyo mtihani wenyewe. Miji mingi ya zamani ina bomba moja linalobeba vyote viwili, maji ya choo na maji ya mvua. Siku ya jua hakuna tatizo. Ikinyesha kubwa, bomba linajaa, na ili choo kisirudi sebuleni kwa watu, bomba hilo limetobolewa njia za dharura za kumwaga mtoni. Hiyo si ajali, limejengwa hivyo. London ilibidi ichimbe handaki jipya la kilomita 25 chini ya mto ili kukamata mafuriko hayo, na liliunganishwa lote mwaka 2025. Paris, ambako kuogelea katika mto Seine kulipigwa marufuku mwaka 1923, walichimba karibu na kituo cha Austerlitz tangi la mita za ujazo 50,000 la kuzuia maji hayo hadi mvua ipite. Pamoja na hayo yote, Julai 2024 mvua ilinyesha wakati wa Olimpiki na mashindano ya triathloni ya wanaume, yanayoanza kwa kuogelea mtoni, yakaahirishwa kwa siku moja kusubiri mto utulie. Wapo waliocheka. Mimi sikucheka. Niliona mji unaopima maji yake kila siku, na unathubutu kusema mbele ya dunia nzima kwamba leo hayafai. Mwaka uliofuata, Julai 2025, wakazi wa kawaida wa Paris waliruhusiwa kuogelea katika sehemu tatu za mto ule.

Tangi lile lilipigwa picha sana. Jambo ambalo halikupigwa picha ni maelfu ya nyumba zilizotembelewa, moja baada ya nyingine, kuangalia bomba la choo limeunganishwa wapi, na mashua za kuishi ambazo zililazimishwa kuunganisha vyoo vyao na mtandao wa majitaka. Hilo ndilo nataka tukae nalo kidogo, kwa sababu hata mji usio na fedha za handaki unaweza kulifanya.

Niwape kisa changu. Kuna mtaa ambao mtaro wake wa maji ya mvua ulikuwa ukitiririka hata mwezi ambao haujanyesha tone. Mtaro wa mvua unaotiririka wakati wa kiangazi ni mashtaka tosha. Tulikwenda na rangi ya kijani, isiyo na madhara, ile inayotumika kufuatilia maji. Unaingia nyumbani kwa mtu kwa heshima, unaomba ruhusa, unaimwaga chooni, unavuta maji. Mwenzako mmoja yuko kwenye chemba ya majitaka kifuniko kikiwa wazi, mwingine yuko kwenye mdomo wa mtaro, simu masikioni. Nyumba sita za kwanza, rangi ilitokea kwenye chemba, inavyotakiwa. Nyumba ya saba, aliye kwenye chemba akasema haoni kitu. Tukangoja. Akasema tena, haoni kitu. Kisha yule wa mtaroni akasema, taratibu kabisa, "Imefika huku."

Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima. Nilimpeleka mpaka mtaroni, nikamwonyesha ile kijani inavyoingia kijitoni. Alisimama muda mrefu bila kusema. Halafu akaniambia, "Mwanangu, mimi nalipa bili ya majitaka kila mwezi. Hayo majitaka ninayoyalipia yamekuwa yakienda wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Fundi aliyejenga nyumba ile alilikuta bomba la mvua likiwa karibu zaidi na ukuta, akaunganisha hapo, akafukia. Mkaguzi alipaswa kuja kabla ya kufukia. Hakuja. Kosa la siku moja, na choo kimemwaga mtoni tangu hapo bila mtu yeyote ndani ya nyumba ile kuwa na nia mbaya. Kulirekebisha kulichukua siku mbili, mafundi wawili na mita chache za bomba. Sasa zidisha kwa mji mzima. Ukarabati wa mto ni kazi ya namna hiyo, nyumba kwa nyumba, na haina utepe wa kukata.

Najua wapo watakaoniuliza: na wale wasio na bomba kabisa? Swali ni la haki, na hasira iliyomo ndani yake ni ya haki. Takwimu za pamoja za WHO na UNICEF za mwaka 2022 zinaonyesha watu bilioni 3.5 duniani hawana huduma ya choo inayoshughulikia kinyesi kwa usalama hadi mwisho. Katika miji mikubwa wapo wanaoishi ukingoni mwa mto, kwa sababu ndiko kulikobaki ardhi ambayo hakuna aliyeitaka. Kila mji ukitaka kusafisha mto, tingatinga hutangulia kwao. Huko si kusafisha. Ukimfukuza mtu ukingoni bila kumpa choo kwingine, umeuhamisha ule ule uchafu hadi kijito kinachofuata, kama London ilivyouhamishia mashariki. Singapore iliusafisha mto wake kati ya mwaka 1977 na 1987, na ni kweli ilihamisha maelfu ya familia, wafugaji wa nguruwe na wachuuzi. Kulikuwa na machungu, sitayaficha. Lakini familia zilipewa nyumba zenye vyoo vilivyounganishwa, na wachuuzi wakapewa masoko yenye maji na mfereji wa majitaka. Bomba lilitangulia. Na mahali bomba haliwezi kufika upesi, vyoo vyenye mashimo yaliyojengewa, magari ya kunyonya yanayofika kwa bei watu wanayoimudu, na mahali halali pa kumwaga ambapo pako wazi hata usiku, vinaokoa mto. Dereva wa gari la kunyonya akikuta geti la mtambo limefungwa saa kumi na moja jioni, mnadhani anakwenda wapi na tangi lililojaa?

Baada ya bomba, hapo ndipo tuzungumzie uzuri. Seoul waliibomoa barabara ya juu iliyofunika kijito cha Cheonggyecheon, wakakifungua mwaka 2005, karibu kilomita 6 katikati ya mji, na watu hupumzika humo jioni. Ni pazuri, na napapenda. Ila maji mengi yanayopita pale yanasukumwa kwa pampu kutoka mto Han, kwa kuwa chanzo cha kijito chenyewe kilishakauka chini ya mji. Nawaambia hili ili mji usije ukanunua sura ya mto ukadhani umenunua mto. Afadhali mfano wa Emscher, huko Ujerumani. Kwa karne nzima mto ule ulikuwa mfereji wa wazi wa majitaka ndani ya zege, katikati ya eneo la migodi ya makaa, ambako ardhi iliyokuwa ikititia haikuruhusu mabomba ya chini. Migodi ilipohama, wakaanza mwaka 1992. Walizika kwanza bomba kuu la kilomita 51, na ilipofika mwisho wa mwaka 2021 majitaka yote yakawa yametoka mtoni. Ni karibu miaka 30. Zege linavunjwa na mto unarudishiwa mikunjo yake kila kipande kinapokuwa tayari, na kinakuwa tayari pale majitaka yake yanapokwisha.

Mikunjo hiyo si pambo. Mto ulionyooshwa kwa zege unakimbia, unawapelekea walio chini mafuriko, na hauna pahali pa samaki kutagia. Ukiupa nafasi, kama Munich walivyoupa mto Isar kilomita 8 kati ya mwaka 2000 na 2011, kwa kurudisha kokoto na kupanua kitanda chake, maji ya mafuriko yanapata pa kutandaa na watoto wanapata pa kuchezea. Matete na miti ya ukingoni huchuja tope na mbolea na kuyapoza maji. Mnakumbuka: maji yaliyopoa hubeba pumzi zaidi. Lakini matete hayawezi kumeza choo cha mtaa mzima, msiyabebeshe kazi ya mtambo.

Nitamtaja mtu mmoja. Juni 1969 mto Cuyahoga, katika mji wa Cleveland, Marekani, ulishika moto. Oili na takataka zilizokuwa zikielea ndizo zilizowaka, na haikuwa mara ya kwanza. Moto ulizimwa kwa chini ya saa moja. Meya alikuwa Carl Stokes, Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuongoza mji mkubwa wa nchi ile. Kesho yake aliwachukua waandishi wa habari akawatembeza mtoni, kituo hadi kituo, akiwaonyesha uchafu unaingilia wapi, ukiwemo ule uliotoka kwenye mabomba ya mji wake mwenyewe. Miezi kadhaa kabla ya moto, wapiga kura wa mji ule walikuwa wameshakubali kukopa dola milioni 100 kwa ajili ya kuusafisha mto. Na mwaka 1972 ikaja sheria ya nchi nzima ya maji safi, iliyosema mwenye bomba awe na kibali na apimwe. Ninachokiheshimu kwa Stokes ni ile ziara. Kiongozi aliwaonyesha watu midomo ya mabomba, ya wengine na ya kwake.

Hicho ndicho ninachokiomba kwetu. Chupa ya tatu naomba irudi mbele sasa. Ina kibandiko chenye saa, mahali, na vipimo vitatu: oksijeni, amonia, na bakteria wa kinyesi. Mita ya oksijeni leo alfajiri ilisoma 1.8. Kati ya daraja la kwanza na la pili kuna midomo kumi na minne ya mabomba. Nimeihesabu kwa miguu, na mitano ilikuwa ikitiririka ingawa haijanyesha wiki nzima. Nimeandika barua kwa ofisi inayosimamia majitaka kuomba mambo mawili. Chemba zote kati ya madaraja hayo mawili zifunguliwe na rangi ipitishwe nyumba kwa nyumba. Na vipimo vya kila mwezi vibandikwe kwenye ubao, pale darajani, vibaya kwa vizuri.

Barua iko mlangoni, na kalamu zimefungwa kwa uzi. Jumatatu saa mbili asubuhi naipeleka pamoja na chupa. Anayetaka kufuatana nami, tukutane daraja la pili.